Ngozi za Mbuzi Kumi na Wanne

Mama aliuza mbuzi arobaini kwa sababu yangu. Ukame ulikuwa umeanza kuonyesha meno, nami nikatoka Kakuma, ambako naliandikia shirika moja ripoti zisizosomwa, nikaenda Lodwar kumweleza kwamba mbuzi mnono leo ni bora kuliko mifupa mwezi ujao. Hoja hiyo niliipata chuo kikuu, na kwa mara hiyo moja ilikuwa ya kweli. Akauza. Pesa ziliingia kwenye akaunti yangu, kwa kuwa yeye hana, na makubaliano yalikuwa mafupi: mvua ikinyesha, nimrudishie mbuzi wake.

Ningeziacha zitulie, nisingekuwa na la kuandika. Lakini msomi akikalishwa karibu na pesa za mtu mwingine, huanza kuzionea huruma kwamba hazina kazi.

Ofisini tunatumia programu ya kampuni moja kongwe ya ng'ambo. Ndiyo inayolipa mishahara, inayohesabu magunia ya bohari, inayowanyima watu likizo. Hakuna asiyeichukia. Mara mbili wakubwa wetu walitangaza kwamba tunaihama, mara mbili tukala mandazi ya kuiaga, na mara mbili tukairudia kimya kimya, kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuzitoa kumbukumbu zetu mle ndani. Siku moja, nikingoja ukurasa ufunguke, nikawaza: kampuni ambayo wateja wanaitukana na bado hawawezi kuondoka ni kama kisima pekee njia nzima. Na hisa zake zilikuwa zimeshuka bei.

Nikaanza kupima. Nilisoma taarifa zake za mapato kwa bidii ambayo shirika langu halijawahi kuiona. Wateja walilipa kila mwaka, kama kodi ya nyumba. Gawio lilikuwa dogo ila halikukosekana. Upande wa pili, kampuni ilikuwa imekopa sana ili kumeza kampuni ndogo ndogo, na wachambuzi walisema akili unde itaandika programu kama zile kwa bei ya bure. Wachambuzi wengine walisema akili hiyo hiyo ndiyo itakayoinenepesha. Wote walikuwa na michoro.

Huwa nakunywa chai kwenye kambi ya wakimbizi, kwa mama mmoja wa Sudan Kusini mwenye duka. Nikamsimulia yote.

"Ustaz, hiyo kampuni, wewe umefika kwake?"

"Iko mbali sana."

"Mimi pia natoka mbali, lakini duka yangu unaona. Sukari iko hapa. Panya pia iko hapa." Akanisogezea kikombe. "Sasa wewe nataka mama yako akubali, ama nataka akatae?"

Nikasema chai ni tamu.

Mwisho wa mwezi nikashuka Lodwar. Mama alikuwa anasuka kikapu cha mkoma, dada yangu mkubwa kando yake akimpasulia majani. "Ejok," nikasalimu, nikakaa, nikaeleza hisa kwa lugha niliyoiona rahisi.

"Hao watu wanafuga nini?" mama akauliza.

"Hawafugi. Wanauza kazi za ofisi. Ukinunua kipande cha kampuni, kinakuwa chako."

"Kipande cha mbuzi kinatembea?"

Dada akacheka mpaka majani yakamdondoka. "Muulize kinakamuliwa wapi!"

Mama hakucheka. "Mwenye kampuni ameshalala kwako?"

Swali hilo halikuwa la mzaha. Kwetu Turkana huweki mifugo yote zizi moja. Wengine unawapeleka kwa rafiki aliyeko Katilu, wengine kwa rafiki wa Lokichoggio, ili wezi au ugonjwa wakipita hapa, kule kibaki kitu. Rafiki huyo umelala kwake, naye amelala kwako. Mnyama wako akifia mikononi mwake, hakuletei maelezo. Anakuletea ngozi.

Nilijua sasa atakataa, nikajiandaa kuonekana nimeumia.

"Basi weka," akasema. "Kampuni siijui, wewe nakujua. Mbuzi nimeweka kwako. Ukiwapeleka mbele zaidi, hiyo ni safari yako. Wakifa, uniletee ngozi."

Nilirudi Kakuma nikiwa na ruhusa ambayo sikuitaka. Nilikuwa nimesafiri kutafuta hapana. Kila siku nilifungua programu ya wakala wa hisa kwenye simu, nikajaza idadi ya hisa, nikaifuta. Bei ikipanda nilijilaumu, ikishuka nilijipongeza, kisha nikasubiri ishuke kidogo tena. Nilijiita mwangalifu. Niliandika hata jedwali.

Mvua ilinikuta bado napima. Malaga, ile mito inayokauka kiangazi, yakafurika, barabara ikakatika kwa siku kadhaa, na ilipofunguka kila mtu Turkana alikuwa anatafuta mbuzi na hakuna aliyekuwa anauza. Pesa za mbuzi arobaini zilinunua ishirini na sita, na wawili kati yao walichechemea. Hisa sikununua hata moja. Kwa hiyo sikuwa hata na kampuni ya kulaumu.

Mama alilizunguka kundi mara moja tu.

"Bei imepanda, mama," nikasema.

"Wako wapi wale kumi na wanne?"

"Hawakufa. Ni bei tu."

"Kama hawakufa, walete. Kama walikufa, ngozi ziko wapi?"

Nilimtazama dada. Safari hii hakucheka. Alikuwa anaangalia miguu ya wale wanaochechemea. Mama akaingia katikati ya kundi, akawashika majike watano mmoja mmoja, akamwambia dada awapeleke Katilu, kwa yule rafiki wa zamani. Wengine akamtajia jirani wa kumpelekea. Alipomaliza kuwagawa, bila kuniachia hata mmoja, aliniuliza kama nimekula.