Masikio ya Mkaza Nyuzi

Pasaka ya mwaka 1978 kwaya yetu iliimba Utukufu bila gitaa. Kwaresima nzima gitaa lilikuwa limefungiwa kabatini, kama ilivyo desturi ya parokia, na watu walikuja asubuhi ile wakilisubiri. Pale ambapo nyuzi zilizoea kuingia palibaki pengo, nasi tukalikwepa kwa kuimba kwa nguvu zaidi. Longino Kaijage hakuja kanisani.

Alikuwa Mhaya wa Kamachumu aliyehamia Mwanza kufanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba. Miaka kumi na minne alisimama kando ya mashine. Akitoka kazini, barazani kwake Igoma, alibadilisha nyuzi za magitaa. Kupiga hakujua; nyimbo zake zilikuwa mbili, tena nusu nusu. Lakini wapigaji wa mjini walimwamini yeye kuliko mikono yao.

Mpaka wa Kenya ulipofungwa, nyuzi ziliadimika. Zile nene Longino alizichemsha katika maji ya magadi mpaka jasho na uchafu wa vidole vitoke, akazianika kwenye kamba ya nguo. Nyembamba hazikuwa na dawa. Alitoa uzi mmoja, akafunga mwingine, ndipo akagusa unaofuata. "Ukizitoa zote," alisema, "kile kibao kinachozibeba kinateleza, na gitaa linasahau sauti yake." Kila uzi aliuachia urefu wa vidole vitatu, akauzungusha kwenye kigingi kwa kijiti cha mpera alichokichonga mdomo, akauvuta taratibu ili unyooke pale pale, usije ukalegea katikati ya wimbo. Ncha aliikata kwa koleo.

Mkewe, Bernadetta, alikuwa akikaa mlangoni akichagua maharage. Tulimtania kwamba anamlinda mume asiibiwe. Kumbe Longino alipokaza, macho yake yalikuwa kwenye uso wa mkewe. Uzi ukifika kwenye sauti yake, Bernadetta aliinamisha kichwa kidogo, kama aliyeona jiwe kwenye ungo, na mume akaacha kukaza. Mashine zilikuwa zimemaliza masikio yake, na wao wawili tu ndio waliojua. Kiwandani hakuna aliyehitaji masikio yake. Barazani ndiko alikoogopa kujulikana, kwa sababu ndiko alikoitwa fundi.

Wiki Takatifu Bernadetta alipanda meli kwenda Bukoba kumzika dada yake. Jumamosi mchana akaja Malimi, mpiga gitaa wetu, Msukuma asiyenyamaza, akiwa na gitaa lililokatika uzi mwembamba, na mpya mmoja mkononi. Mwingine haukuwepo Mwanza nzima.

"Nshomile!" aliita, kama Wahaya wanavyotaniwa kwa usomi wao. "Weka gazeti chini, kazi imekuja."

Longino alimtazama midomo. "Karibu, ngosha," alisema, kwa neno la Kisukuma la kumwita mwanamume. "Umeuiba wapi?"

"Kwa baharia. Ukiukata huu, kesho utaimba wewe badala ya gitaa, na watu watarudia dhambi zao zote."

Longino alicheka, kisha akatazama mlangoni. "Shemeji yako hayupo," alisema. "Rudi Jumatano."

"Jumatano Yesu atakuwa ameshafufuka, kaka! Kwani shemeji ndiye anayefunga nyuzi?"

Malimi alisema kwa utani. Longino akachukua koleo.

Aliufunga vizuri, kama siku zote. Akainama, shavu juu ya ubao, akakaza, akaudonoa kwa ukucha, akasubiri. Akakaza tena. Malimi alikuwa nyuma yake.

"Hapo hapo, basi."

Longino akakaza.

"Imetosha, kaka."

Akadonoa, akakaza.

"We Longino, utaukata!"

Uzi ukakatika, ukamchana kidevu.

Malimi alikuja mbele akiwa na matusi mdomoni. Longino aliinua uso, damu ikimtiririka, akauliza kwa upole, "Ulikuwa umeshafika?"

"Nimekwambia mara tatu!"

Longino alimtazama midomo mpaka ikatulia. "Sikusikia," alisema.

Malimi akakaa chini sakafuni. "Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu. Bernadetta ndiye aliyekuwa akinionyesha."

Longino alifuta damu kwa kitambaa cha kufutia magitaa, akampa kile kijiti cha mpera na koleo. Malimi alikataa kupokea. Longino akavitia mwenyewe ndani ya mfuko wa gitaa, akaufunga vifungo, kimoja kimoja.

Kesho yake Malimi alitwambia kwamba uzi ulikuwa mbovu. Tulimlaani yule baharia miaka mingi, na Malimi alituacha tumlaani.

Bernadetta aliporudi, Longino alikuwa ameketi barazani mikono mitupu. Waliokuja na magitaa aliwaelekeza kwa Malimi, akisema vidole vimezeeka. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Bernadetta hakumlaumu kwa kutomngoja. Alileta ungo wake, akakaa mlangoni kama zamani, na mumewe akageuza kiti, asiuone uso wake, kikatazama barabara ya Musoma.

Bernadetta alifariki mwaka 1991. Longino Kaijage yuko Busisi, nyumbani kwa binti yao Leonsia, karibu na kivuko.