Nilivyokwenda Kisangani Kumshinda Mke Wangu

Nilikwenda Kisangani kwa sababu ya wivu, na sioni haya kulisema. Hapa Kindu wengi mnaijua studio yetu karibu na soko. Kamera niliinunua mimi, pazia la maua nililitundika mimi, na harusi zenu nimezipiga picha mimi. Kisha malaria ikanilaza, mke wangu Zawadi akashika kamera, na mambo yakageuka. Nilipopona, wateja walichungulia mlangoni wakauliza, "Mama iko?" Nikijibu kwamba mimi nipo, walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli sokoni. Mwisho akaja baba mmoja kuagiza picha ya familia yake nzima, kwa sharti kwamba apige mama. Nikamwambia asubiri kidogo. Moyoni niliapa kwenda kujifunza, ili nikirudi kamera iwe yangu tena.

Kwa Zawadi nilisema ninakwenda kutafuta karatasi za picha.

"Papa Asha," akaniambia, kwa jina la binti yetu kama kawaida yake, "unaenda kutafuta karatasi, alors kamera unaibebea nini?"

Nikajifanya sikusikia. Kusema kweli niliibeba pia ili asibaki nayo.

Kutoka Kindu sisi abiria tuliteremka mto kwa baleinière, mashua ndefu ya mbao, tumekaa juu ya magunia ya mchele. Nilidhani majini wivu utapoa. Jirani yangu, mama mmoja mchuuzi wa mafuta ya mawese, akatoa simu kunionyesha watoto wake. Walikuwa wamekaa kwenye kizingiti, jua limewagusa upande mmoja tu wa uso, wazuri mno.

"Ni mama moja alinipigia, pale kwetu Kindu, karibu na soko. Unamujua?"

Nikasema simjui. Nikageuka kutazama maji.

Ubundu ndiko mashua zinakoishia, maana mbele yake ni maporomoko ya maji. Nikapanda pikipiki kuingia msituni. Matope yalitufika magotini, tukashuka kusukuma zaidi ya tulivyopanda, na kamera niliifunga kifuani chini ya shati. Tulitokea Lubunga, ng'ambo ya mji, nikavuka kwa mtumbwi wa mota hadi Kisangani. Nilinunua lituma, ndizi za kupondwa, na liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, pale pale kando ya mto. Siku hiyo nilikula vizuri.

Mtaa wa Simi-Simi, karibu na uwanja wa ndege wa zamani, anakaa mwalimu niliyeelekezwa. Wote humwita Tantine Béa, yaani shangazi. Anafundisha uani kwake kupiga picha za sura za watu, na kwanza kabisa sura yako mwenyewe. Siku ya kwanza alituambia kila mmoja aonyeshe picha yake anayoipenda. Nilitafuta, nikatafuta. Nilikuwa na moja tu: niko uani nanyoa ndevu, povu kidevuni, nacheka mpaka jino la nyuma linaonekana. Aliipiga Zawadi kwa simu.

Tantine Béa aliichukua simu, akaisogeza karibu na macho.

"Nani alikupiga hii?"

"Mutu moja wa kwetu."

"Huyo mutu akuye hapa, nitamuachia kiti yangu."

Wanafunzi wenzangu wakacheka na kupokezana simu yangu. Mimi nilitamani kuizamisha kwenye pipa la maji. Nimesafiri mto na msitu kumkimbia mwanamke huyu, kumbe ametangulia kufika!

Wiki zilizofuata nilipambana na uso wangu. Kujipiga peke yako kuna kazi: lazima usimamishe kitu mahali utakaposimama, uilenge kamera hapo, ndipo ukachukue nafasi yake. Wenzangu walifanya wawili wawili, mmoja akimshikia mwenzake nafasi. Mimi sikutaka msaada wa mtu, nikasimamisha ufagio ukutani na kuuvika kofia. Kisha, kwa kutaka kuonekana mkubwa, nilisogea hatua moja mbele ya pale nilipolenga. Ukuta ukatoka safi kila tofali, mimi nikatoka ukungu.

"Papa Ramazani," akaniita Tantine Béa kwa jina langu nililojiandikisha, "ukuta njo ilikuya kujifunza?"

Nilipojirekebisha nikapata uso wa kitambulisho: macho yamekodoka, mdomo umefungwa. Mpaka asubuhi moja nilikwenda ukingoni mwa mto, nikatega kamera ijipige yenyewe, na wakati inahesabu nikawaza yule baba wa Kindu, pengine keshaipeleka familia yake kwa Zawadi awapige kwa simu. Kamera ikalia. Picha ilionyesha mwanamume mwenye jicho jembamba, taya limekaza, anamtazama mtu asiyeonekana kana kwamba amemwibia.

"Sasa njo weye," akasema Tantine Béa. "Haiko muzuri, mais iko kweli." Akaitundika ukutani kwake. Nilivimba kichwa.

Kurudi Kindu ni kupanda mto, na mashua ilijikokota. Njia nzima nilijiona nimeshinda.

Nyumbani, kabla hata ya kuoga, nilifunga mlango wa studio, nikaliondoa pazia la maua, nikamkalisha Zawadi kando ya dirisha. Nililenga kama nilivyofundishwa. Nikapiga. Mwanga ulimwangukia shavuni vizuri kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga, nikamwonyesha kwa fahari.

Akainamia kioo cha kamera.

"Iko kali, Papa Asha. Mwangaza iko muzuri kabisa." Akagusa uso wake pale pichani. "Mais pale niko naogopa nini?"

Nikaangalia tena. Mabega yamepanda, kidevu kimekaza, macho yanangoja kugombezwa. Chumbani hamkuwa na mtu mwingine ila mimi. Kisangani nilijifunza kupiga sura yoyote, hata yangu. Namna ya kumfanya mke wangu acheke mbele yangu kama mimi ninavyocheka mbele yake, hiyo sikufundishwa.

Mlango ukagongwa. Ilikuwa sauti ya yule baba, na nyuma yake vishindo vya watoto.

"Mama iko?"

Wivu ulinichoma vile vile, haukupungua hata kidogo. Nikamvika Zawadi mkanda wa kamera shingoni, nikaenda kufungua.

"Iko," nikasema.