Barakoa za Fundi wa Mkuyuni

Tangu homa mpya ipande Mkuyuni kutoka mjini, fundi cherehani wa sokoni ameacha suruali za watu, anashona barakoa za kitenge. Kila moja huianza kwa kuulamba uzi upate kupenya sindanoni, na huimaliza kwa kuukata kwa meno. Yake mwenyewe ipo kidevuni, ili mdomo ufanye kazi na kuhubiri: "Msishikane mikono. Pua ikiacha kusikia harufu, ujue unayo."

Jirani yake Zuhura, muuza viungo, alimcheka mpaka juzi, fundi aliponusa karafuu zake mara tatu, akazirudisha kwa hasira. "Dada, karafuu gani hizi hazinuki?" Zilikuwa zimetoka Matombo asubuhi ile, na meza nzima ilinukia. Zuhura aliivua barakoa ambayo fundi alimshonea, akaishika kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya kwenye unga.