Baiskeli Iliyopitiliza Kituo

Omoding wa Malaba alikuwa mtu wa baiskeli, na sisemi alikuwa nayo tu. Aliipenda. Wenzake wa bodaboda za baiskeli pale mpakani walimtania kwamba mkewe, Apeduno, aliolewa na Black Mamba, ile baiskeli yake, mwanamume akaja kama nyongeza. Kiti cha abiria alikishona mwenyewe kwa sponji na kitambaa chekundu, na ole wake abiria wa kupanda na matope.

Mwaka wa tisini na nne, mama mkwe wake Anyait alilazwa hospitali ya Kocholia. Baada ya wiki tatu mama akasema mwenyewe kwamba amechoka, arudishwe kwake, akafie ndani ya nyumba aliyojenga na marehemu mumewe. Kwake kulikuwa upande wa Bungoma, maili nne kutoka kituo kidogo cha reli. Mwanawe wa kiume alikuwa Mombasa. Apeduno alikuwa amejifungua juzi. Akabaki Omoding.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwao Wateso, mume wa binti na mama mkwe hawashikani mikono, hawaketi pamoja. Miaka tisa Omoding alimwamkia Anyait akiwa nje ya mlango, macho chini. Sasa angemfikishaje mtu asiyeweza kutembea, naye haruhusiwi kumgusa? Akapanga vizuri. Barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua, kwa hiyo watapanda treni, na wanawake abiria watampandisha na kumshusha. Kutoka kituoni mama atakaa kwenye kile kiti chekundu, yeye atasukuma akishika usukani, na hakuna atakayemgusa mwenzake.

Siku hiyo treni ilifurika. Magunia ya dagaa omena, mitumba, kuku, watu wakining'inia milangoni. Baiskeli haikuruhusiwa kwa abiria, ikapelekwa kwenye behewa la mizigo kwa Egesa, mpagazi wa pale Malaba. Egesa akataka kuiegemeza mlangoni.

"Wewe unashuka karibu, boss. Wacha hapa."

"Hapo watang'oa kengele na kiti," Omoding akasema. "Niwekee ndani kabisa, kwa ukuta."

"Shauri yako."

Egesa akaifunga ukutani kwa mpira. Kisha magunia yakaja, moja juu ya lingine, lakini Omoding hakuyaona. Alikuwa ameenda kutafuta pa kusimama katika behewa la tatu. Mama alikuwa la pili, ameegemea bega la Adoyo, muuza samaki aliyekuwa akienda Eldoret.

Walipofika kile kituo kidogo, Adoyo na mwanamke mwingine wakamteremsha Anyait, wakamkalisha juu ya mkoba wake, wakakimbilia ndani tena. Omoding naye mbio kwa behewa la mizigo. Mlango ukafunguliwa, akakuta magunia yamepanda mpaka darini. Akavuta la kwanza, akavuta la pili, na bado hakuuona hata usukani. Filimbi ikalia.

"Utaichukua Bungoma," mtu wa mizigo akamwambia, akafunga mlango.

Treni ikaenda na baiskeli. Mjinga mkubwa mimi, Omoding akajiambia, na kwa kweli sina la kumtetea. Bodaboda zilikuwa hazijafika huko. Abiria wachache walioshuka walikuwa wameshatawanyika, na mlinzi wa kituo alikuwa mzee anayechechemea. Anyait alikuwa akipumua kwa shida.

"Baba Elly," akaita, maana Elly ndiye mjukuu wake wa kwanza. "Imeenda?"

"Imeenda, mama. Ni makosa yangu." Alisimama mbali, kama ilivyompasa.

"Mimi sitafika kesho. Kuja unibebe."

"Watu watasema nini, mama?"

"Wacha waseme. Wewe geuka tu."

Mama akajifunika uso kwa leso. Omoding akapiga magoti, akampa mgongo. Alipoinuka naye alimkuta mwepesi mno, na wepesi huo ukamtoa machozi.

Maili ya kwanza Omoding alikwepa madimbwi ya mvua. Ya pili mama akauliza, "Huyu mtoto mdogo, anafanana na nani?"

"Na wewe, mama. Hasa paji la uso."

"Umelijuaje paji langu, na hukuwahi kuniangalia?"

"Nilikuwa naibia."

Akausikia mwili wa mama ukitikisika mgongoni, akaogopa. Kumbe anacheka. Basi akamweleza yote: vidole vya mtoto, sauti yake, namna anavyonyonya kwa pupa. Mama akauliza tena na tena, mpaka sauti ikapungua akabaki kuitikia kwa mguno, na Omoding akaendelea kueleza hata alipoishiwa la kusema.

Walipoingia uani, wanawake waliokuwa wakipura maharagwe wakaacha, wakainamisha macho. Anyait akalazwa kwenye kitanda chake akiwa hai. Akaomba maziwa, akaishi siku mbili ndani ya nyumba yake.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo walimwita Omoding, wakamtaka alete kondoo wa kutakasia ule mwiko aliouvunja. Akamleta bila kubishana. Mzee mmoja akamuuliza kama anajuta.

"Najuta, mzee," akasema. "Miaka tisa nilisimama nje ya mlango wake."