Bila Kushurutishwa

Mama Pindo hakuwa mtu wa kupinga bima. Hilo tuliweke sawa mapema, maana wapo waliomsingizia. Alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa kwa sababu pindo la gauni likienda upande hata kidogo tu, alilifumua lote akaanza upya. Tena bima ya afya ya lazima alishaitetea mbele ya jirani yake seremala mpaka povu likamtoka. Seremala alishikilia kwamba serikali haina haki ya kumburuza mtu mzima na akili zake, eti kwa faida yake mwenyewe. Mama Pindo akamuuliza: siku msumeno ulipomla vidole, nani alimtibu? Si mtaa mzima ulichangishwa, na aliyesuasua akasemwa wee mpaka akahama? Kulazimishana kupo siku zote, alimwambia, ila huku mtaani kumepewa jina la utu.

Kwa hiyo alipokwenda kuhuisha leseni ya kibanda chake, akaambiwa bila bima hakuna leseni, wala hakununa. Alipokea fomu, akavaa miwani, akaisoma. Kasheshe ikaanzia hapo, maana jamani, nani husoma fomu?

Katikati ya ukurasa iliandikwa: "Najiunga kwa hiari yangu mwenyewe, bila kushurutishwa na mtu yeyote." Mstari wa mwisho ukasema: "Asiyetia sahihi hatapewa leseni."

Akairudisha mezani. Akamweleza karani kwamba kujiunga atajiunga, sheria ni sheria, lakini hiari hiyo yeye haijui wala hajaiona. Karani, mtu mpole aliyechoka, akajibu kwamba fomu zimetoka juu. Akampa mpaka Ijumaa. Ikipita, kibanda kitapigwa kufuli, na ndani mlikuwa na sare za shule hazijatiwa hata vifungo, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Mdogo wake alimlilia nyumbani. "Dada, tia sahihi tuishi," alisema. Mama Pindo aliogopa, tusidanganyane. Cherehani ile ndiyo iliyowalea wote wawili tangu mama yao alipofariki. Alhamisi nzima alikata kitambaa, akaharibu kola mbili, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

Ijumaa foleni ilifika barazani, na seremala alikuwemo, amevimba kwa hasira. Karani alipomwona Mama Pindo akashusha pumzi.

"Mama, hilo ni neno tu."

"Kama ni neno tu, lifute."

Karani akaenda kumwita mkuu wa ofisi. Mkuu akaja na ukali wake. Mama Pindo hakubishana naye. Alimwomba kwa adabu zote awasomee waliosahau miwani nyumbani sentensi zile mbili tu. Mkuu akasoma ya kwanza kwa sauti ya mtu wa ofisi. Alipofika ya pili sauti ikaanza kumshuka, na kabla hajamaliza foleni nzima ikaangua kicheko. Seremala alicheka mpaka akajishikiza ukutani. Mkuu akajitahidi kukaza uso, wapi bwana, midomo ikamsaliti.

Mama Pindo peke yake hakucheka. "Serikali ikinilazimisha kwa ajili ya wagonjwa wetu, nitavumilia," alisema. "Lakini inilazimishe kwa jina lake yenyewe. Isiseme uongo kwa mdomo wangu."

Mkuu akaitazama ile karatasi, akachomoa kalamu. Akaikata sentensi yote ya hiari, juu yake akaandika "kwa mujibu wa sheria", akagonga muhuri. Lo, ungewaona wa nyuma! Kila mmoja akataka na yake ikatwe, na waliokwisha kutoka wakarudi mbio. Hata seremala alitia sahihi, akitangaza kwamba bado anapinga, ila sasa angalau fomu haimsingizii. Mkuu akamwagiza karani apige simu zisichapwe tena fomu za namna ile.

Mama Pindo alipotia sahihi, mkuu mwenyewe akamkabidhi leseni yake, mkono kwa mkono, akamuuliza kama sasa ameridhika.

"Nimelazimishwa," akasema Mama Pindo, "na nimefurahi."