Gamba Lililotoka Vipande

Kwa miaka minne nilifuga nyoka jike wa mchangani, chumbani kwangu ghorofani, Mji wa Kale. Alikuwa mfupi, mnene, hana sumu, na kibali chake nilikuwa nacho. Majirani walimwogopa. Aliyemjua vizuri ni mzee mmoja wa Tudor, aliyestaafu baada ya kuhudumia nyoka wa maonyesho maisha yake yote. Nilimwita Ami, ingawa hatukuwa na undugu.

Ami ndiye aliyenifundisha kumkagua. Macho yawe maangavu, mdomo usiwe na ute, mkia uwe umejaa, na ukipitisha kidole mgongoni usikute mfupa umechomoza. Zaidi ya yote alisisitiza gamba: nyoka mwenye afya hulivua zima, kama soksi. Nyoka wa aina hii hatagi mayai. Huwabeba watoto tumboni miezi kadhaa, na mara nyingi muda huo hali kitu. Akianza mwembamba, hamalizi salama.

Mwaka juzi mwenzangu wa ofisini Kilindini, aliyekuwa na dume, alipata uhamisho wa Kisumu. Alinipa wiki mbili nimpandishe wangu kabla hajaondoka. Ami alikuwa amevunjika nyonga, hatoki nyumbani, basi nikampigia simu. Aliniuliza mgongo ukoje. Nikamwambia umejaa, ilhali mfupa niliuhisi wazi.

"Na gamba la mwisho?"

"Lilitoka zima, Ami."

Lilitoka vipande vipande, na mimi ndiye niliyeviokota. Lakini nilikuwa nimeshawatamani watoto, hata tangi lao nilikuwa nimelinunua. Ami akasema kama ni hivyo, nimpandishe.

Mimba ilishika. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa amekonda, ngozi imejikunja ubavuni, na panya niliomwekea hakuwagusa. Daktari wa mifugo alinieleza kwamba hakuna la kufanya ila kungoja. Alizaa watoto tisa, wawili tu wakiwa hai. Siku ya pili nilimkuta amekufa kando ya bakuli la maji.

Nilikwenda Tudor nimekusudia kusema kweli. Nilianza kwa kumwambia Ami kwamba nyoka amekufa.

"Kosa ni langu, mwanangu," akasema. "Nyoka hapimwi kwa simu. Ningekwambia ungoje nimshike mwenyewe."

Maneno yalikuwa mdomoni. Mkewe akaleta kahawa, nikainywa, nikaaga.

Baadaye nilisikia kwamba watu wakimpigia kutaka ushauri aliwajibu hajui tena, wamuulize mwengine. Alifariki mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani. Nilipokwenda kutoa mkono wa tanzia, bintiye alinishika mkono akaniambia babake alinisifu sana, kwamba sikuwahi kumficha lolote kuhusu wale nyoka. Nikamshukuru, nikaketi pamoja na wanawake wengine.