Shikamoo ya Kukaa

Mlinzi wa bwawa letu la kuzuia mafuriko, hapa Ngumbo, huketi mahali pale pale kila siku, kwenye mteremko wa tuta la udongo, upande unaotazama nyumba zetu. Sauti yake ni ya upole. Viganja vyake vina tope hata siku za jua kali, naye huvifuta kwenye majani kabla ya kukupa mkono. Mbuzi akisogea, humfukuza kwa kokoto bila kuinuka. Kamati ya kijiji ikija kukagua, huisalimu akiwa amekaa. "Tuta liko salama, wazee wangu." Mimi niliona ni utovu wa adabu tu.

Jana alipita Bibi Restituta, ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya tuta, akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Mlinzi akamwamkia.

"Shikamoo ya kukaa siipokei," alisema bibi. "Inuka! Au umeota mizizi hapo?"

Akainuka. Suruali yake ilikuwa imelowa nyuma, na mvua haijanyesha tangu Pasaka. Pale alipokuwa ameketi, maji yalichuruzika kutoka ndani ya udongo.

"Umande tu, bibi," alisema, akaketi tena upesi. Jua lilikuwa la utosini.

Bibi alitupa kuni. Akateremka mbio akiwaita wajukuu wake watoke ndani.